Mada: Mtoto chini ya miaka 3 aliyechelewa kukaa, kutembea au kusema (Marekani): hesabu ya siku

Kutoka: mratibu wa huduma, Ohio

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Swali hili limerudi tena: mtoto ana mwaka na nusu, hasemi, daktari amesema tusubiri kidogo, mzazi afanye nini? Nijibu mara moja kwa urefu, wajuzi wa majimbo mengine mtanirekebisha.

Marekani ina sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu iitwayo IDEA. Sehemu C ya sheria hiyo, ambayo mizizi yake ni marekebisho ya mwaka 1986, inawahusu watoto tangu kuzaliwa hadi siku wanapotimiza miaka 3. Kila jimbo linaiendesha kwa jina lake, na hapo ndipo watu hupotea. Kentucky na Indiana wanaiita First Steps, Michigan ni Early On, Georgia ni Babies Can't Wait, Iowa ni Early ACCESS, Texas ni ECI, Arizona ni AzEIP. Ukihamia mji mpya usiulize jina la kule ulikotoka, hawatalijua. Uliza mpango wa jimbo wa watoto chini ya miaka 3 waliochelewa kukua, yaani Sehemu C ya IDEA. Hospitali ya watoto na ofisi ya WIC (msaada wa lishe kwa kina mama na watoto) wanajua namba.

Barua ya daktari haihitajiki kupiga simu. Mzazi anaweza kupiga mwenyewe, hata bibi au mlezi wa mtoto anaweza kutoa jina, ingawa hakuna atakayempima mtoto bila mzazi kuweka sahihi. Daktari naye, akishaona dalili, anatakiwa kupeleka jina haraka, isizidi siku 7 za kalenda. Kwa hiyo neno "tusubiri" lisikuzuie. Subiri na huku umeshapiga.

Siku ofisi inapopokea jina ndiyo siku ya kuanza kuhesabu. Ndani ya siku 45 za kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo, wawe wamekuja, umeweka sahihi ya ridhaa, mtoto amepimwa, na kama anastahili, mmekaa kikao cha kwanza cha kuandika mpango wa huduma wa familia, ule wanaouita IFSP. Andika tarehe ya simu ya kwanza na jina la aliyepokea, karatasi uibandike kwenye friji. Baada ya wiki mbili kimya, piga tena na uitaje tarehe hiyo. Mtu mwenye tarehe mkononi husikilizwa tofauti na mtu anayesema "nilipiga siku nyingi".

Kuna kitu kinachosimamisha hesabu: mtoto akiwa mgonjwa, au ofisi ikiandika kwamba imejaribu mara kadhaa ikakosa kumpata mzazi. Hili ndilo linaloua faili nyingi za watu wetu. Namba ngeni haipokelewi, sanduku la ujumbe limejaa, kadi ya simu imekwisha na namba imebadilika, barua imekwenda kwenye nyumba ya zamani. Toa namba mbili, ya pili iwe ya mtu asiyebadilisha namba, na ukihama piga kabla ya kufungasha.

Kuhusu fedha: kupimwa, kuwa na mratibu, na kuandikiwa IFSP ni bure kila mahali. Huduma zenyewe ni bure katika baadhi ya majimbo, Minnesota na Iowa kwa mfano. Mengine, kama Texas, yanachangisha kulingana na kipato. Hakuna jimbo linaloruhusiwa kumnyima mtoto huduma kwa sababu familia haina uwezo wa kulipa, lakini lazima uonyeshe karatasi za kipato. Usipozionyesha unaweza kuhesabiwa kama mwenye uwezo.

Sheria yenyewe inatazama umri wa mtoto na mahali anapoishi, si hati za uhamiaji za mzazi. Anayeogopa kwamba msaada fulani utaharibu ombi lake la ukaazi amwulize mwanasheria wa uhamiaji, asiniulize mimi wala jirani.

---

Kutoka: mkalimani wa afya na elimu, Kentucky

Jambo kwenu ndugu. Mratibu amesema vizuri. Mimi niongeze upande wa lugha, maana hapo ndipo familia nyingi za kutoka Kongo zinakwama kabla hata ya siku ya kumi.

Kwanza, lugha inayoandikwa kwenye faili. Familia ikifika kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nakivale inaandikiwa "Kiswahili" kila mahali. Baba anakijua, sawa, lakini mama na mtoto nyumbani wanaongea Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge. Mtoto anatakiwa apimwe kwa lugha yake isipokuwa ikiwa wazi kwamba haiwezekani, na mzazi aelezwe haki zake kwa lugha yake. Sasa kama faili linasema Kiswahili, ataletwa mtu wa Kiswahili, na maneno ya mtoto yote ya Kibembe yatahesabiwa sifuri. Siku ya simu ya kwanza sema mambo mawili mbalimbali: lugha ambayo mzazi anaielewa vizuri, na lugha ambayo mtoto anasemeshwa.

Pili, tafsiri zenyewe. Karatasi nyingi za Kiswahili zinazogawiwa zimeandikwa na mtu aliyetafsiri neno kwa neno. Wanaandika "uingiliaji wa mapema". Mama akisoma anaona serikali inaingilia nyumba yake. Wanaandika "uchunguzi wa mtoto" na mama anawaza polisi. Halafu mratibu anasema kwenye simu "kesi yenu itafunguliwa", na baba anauliza amemkosea nani. Nimesikia milango ikifungwa kwa neno kesi peke yake. Wakalimani wenzangu, semeni "msaada wa mapema kwa mtoto", semeni "kupima uwezo wa mtoto", semeni "faili". Na mwanzoni kabisa elezeni kwamba hawa si ile ofisi inayochukua watoto. Ni mpango wa hiari, mzazi anaweza kukataa huduma moja akabaki na nyingine, anaweza kuacha yote siku yoyote.

"Kuchelewa kukua" nako kuna mtego. Mama atajibu, "Anakua vizuri, kilo zinaongezeka." Amejibu kuhusu mizani ya kliniki. Ulizeni hivi: kuna mambo ambayo watoto wa rika lake wameanza kufanya na yeye bado?

Kwa majina ya wataalamu, wazazi wa Kongo waliosoma wanajua "kine" kwa mtu wa viungo na "ortofonisti" kwa mtu wa usemi. Tumieni hayo. "Tiba kwa vitendo" ya Tanzania haiwaambii kitu. Kwa mtu wa kijijini semeni tu kazi yake: mtu anayemzoeza mtoto kutumia mikono, kula, kuvaa.

Usikubali mtoto wako mkubwa atafsiri. Si aibu tu, ni kwamba mtoto wa miaka 11 hawezi kumwambia mama yake maneno "mtindio wa ubongo" kwa namna ambayo mama ataisikia. Mkalimani ni wajibu wao na hakugharimu senti. Kama wa kwenye simu anaongea Kiswahili cha Nairobi kisichoingia masikioni mwako, sema wambadilishe. Haki yako hiyo, na si kumvunjia mtu heshima.

---

Kutoka: mtaalamu wa usemi, Minnesota

Hamjambo nyote. Nimefurahi mkalimani amefika mapema. Mimi naongelea siku yenyewe ya kupimwa.

Milango ya kustahili ni miwili. Mlango wa kwanza: mtoto ana hali iliyothibitishwa ambayo kwa kawaida huleta ucheleweshaji, kama sindromu ya Down, mgongo wazi au uziwi. Huyo haulizwi asilimia. Ripoti ya daktari inatosha kumwingiza, na kinachopimwa ni mahitaji yake. Mlango wa pili: kuchelewa kwenyewe, katika maeneo matano, yaani akili na kujifunza, mwili pamoja na kuona na kusikia, mawasiliano, hisia na kuhusiana na watu, na kujihudumia. Kiasi cha kuchelewa kinachotakiwa hutofautiana mno. Pennsylvania asilimia 25 katika eneo moja inatosha. New York wanataka 33 katika eneo moja au 25 katika mawili. Arizona wanataka 50. Mtoto yuleyule anaweza kustahili upande huu na kukosa upande ule, bila yeye kubadilika hata kidogo.

Kabla ya kupimwa usemi, sikio lipimwe. Hata kama alifaulu kipimo cha hospitali alipozaliwa, maji ya sikio la kati huja baadaye. Na waliozaliwa kambini wengi hawakupimwa kabisa. Usikubali "anasikia, nikiita anageuka". Anaweza kuwa anageukia mtikisiko wa mlango.

Kwa kipimo cha maswali kiitwacho ASQ, ambacho utapewa kliniki, kuna maeneo matano yenye maswali sita kila moja, na majibu matatu: ndiyo, mara nyingine, bado. Ndiyo ina alama 10, mara nyingine 5, bado 0. Wazazi wetu huweka ndiyo kwa heshima, kama mgeni anavyoulizwa kama ameshiba. Sasa kila ndiyo ya adabu inamwondolea mtoto nafasi. Jaribu kila jambo naye siku mbili kabla. Kama hajawahi kupewa vijiti au vibao vya kupanga, mpe vifuniko vya soda au makopo madogo, umwache acheze, kisha ndipo ujibu. Kama anakula kwa mkono kwa sababu nyumbani mnakula ugali kwa mkono, mwambie mpimaji. Kutojua kijiko si kuchelewa, na kumega tonge na kulifikisha mdomoni ni kazi ya vidole ambayo anapaswa kuiandika.

Aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa umri uliorekebishwa hadi miezi 24. Wiki 8 mapema maana yake ukiwa na miezi 12 unapimwa kama wa miezi 10. Hapa kadi ya kliniki ya nyumbani ni dhahabu, iwe kadi ya Tanzania au kijitabu cha mama na mtoto cha Kenya, kwa ajili ya wiki za ujauzito na uzito wa kuzaliwa. Piga picha kurasa zote kabla hazijalowa.

Sasa Kiswahili chenyewe. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Anayekwambia uache Kiswahili nyumbani ili mtoto aseme, mshukuru na uendelee na Kiswahili chako. Maneno yahesabiwe katika lugha zote. Mtoto mwenye maneno 12 ya Kiswahili na 9 ya Kiingereza ana maneno 21, hana 9. Fanya orodha kwa siku tatu. Ingiza kila sauti anayoitumia kwa maana ileile kila mara, hata "nyau" kwa paka, hata "ma" kwa maji, pamoja na ishara za mikono. Usiingize neno aliloliiga mara moja likapotea.

Mwongozo wa CDC, idara ya afya ya jamii ya Marekani, ulioandikwa upya mwaka 2022, unasema mtoto wa miezi 18 ajaribu maneno matatu au zaidi mbali na mama na baba, wa miezi 24 aunganishe angalau maneno mawili, wa miezi 30 awe na maneno kama 50. Lile la "maneno mawili" ndilo linaloumiza watoto wa Waswahili. Kiingereza kinahitaji maneno mawili au matatu pale ambapo sisi tunasema "nimeanguka". Mpimaji anaandika: neno moja. Lakini ndani ya hilo neno mna mtu, mna wakati, mna tendo. Vilevile mtoto wa Kiswahili wa umri huu huanza kwa kuangusha vipande vya mwanzo. Anasema "meanguka" au "anguka" tu, na hiyo ni hatua ya kawaida ya kujifunza Kiswahili, si kasoro ya matamshi. Mwombe mkalimani asitafsiri maana peke yake. Amwambie mpimaji neno limeundwa kwa vipande vingapi na mtoto ametamka vingapi. Wakalimani wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa kusema hivyo. Waulizeni mbele ya mpimaji.

Na hili la mwisho kwa wale ambao mtoto amekataliwa. Kipimo cha Kiingereza kilichotafsiriwa papo hapo hakina alama za kuaminika, kwa sababu watoto waliolinganishwa nao hawakuongea lugha hiyo. Sheria inampa mpimaji ruhusa ya kutumia uamuzi wa kitaalamu pale vipimo visipofaa. Uamuzi huo unaweza kumwingiza mtoto, hauwezi kumtoa mtoto ambaye kipimo kimeshamwingiza. Omba waandike kwenye ripoti kilitumika kipimo gani, kwa lugha gani, na alama zilipatikanaje.

---

Kutoka: msomaji, Iowa

Asanteni. Tumepewa IFSP ya kurasa 14 tuweke sahihi leo jioni. Tuangalie wapi?

---

Kutoka: mtaalamu wa fiziotherapia, Texas

Dada au kaka wa Iowa, usiweke sahihi leo kama hujaelezwa yote. Kikao hicho kilitakiwa kiwe kwa lugha yenu. Unaweza kukubali huduma unazozielewa na kuacha nyingine zisubiri.

Nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wenye jedwali la huduma. Kila mstari uwe na jina la huduma, mara ngapi, dakika ngapi, peke yake au kwa kikundi, mahali gani, kuanzia lini hadi lini, na nani analipa. "Mara 1 kwa wiki, dakika 60, nyumbani" ni ahadi unayoweza kuifuatilia. "Mara 24 kwa miezi 6" ni kitu kingine: wanaweza kuja mara nyingi mwezi mmoja na kutoonekana unaofuata, na bado wakawa ndani ya karatasi. "Kulingana na mahitaji" usikubali. Kisha soma malengo. "Ataboresha nguvu za mwili" si lengo. "Atakaa mkekani bila kushikwa kwa dakika 5 wakati familia inakula" ni lengo, kwa sababu wewe mwenyewe utaona limefikiwa au la. Mpango huu hupitiwa kila miezi 6 na kuandikwa upya kila mwaka, lakini unaweza kuomba kikao wakati wowote, hata mwezi wa pili.

Baada ya sahihi huduma zianze haraka iwezekanavyo. Majimbo mengi hujiwekea kikomo cha siku 30. Tatizo hapa ni upungufu wa watu. Wakikwambia "yuko kwenye orodha ya kusubiri", jibu kwa maandishi kwamba sheria haina orodha ya kusubiri kwa huduma iliyoandikwa kwenye IFSP, na uulize watatumia nani mwingine, au njia ya video kwa muda, na lini watafidia ziara zilizopotea.

Mgeni atakapokuja nyumbani msitegemee mfuko wa midoli wala mtu wa kumnyoosha mtoto saa nzima huku mama anapika. Familia nyingi hudhani wamepunjwa: "Anakuja, anakaa chini, ananiuliza tunamwogeshaje." Ndiyo kazi yenyewe. Yeye ana saa 1 kwa wiki, wewe una saa zote zilizobaki, kwa hiyo anatakiwa kukufundisha kuweka mazoezi ndani ya kuoga, kuvaa, kula na kubebwa. Mlaumu akiondoka bila kukuona wewe ukifanya. Mwambie, "Nione kwanza kama nafanya sawa."

Mfano wa kubeba. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye miguu hukakamaa na kupishana kama mkasi, kumpakata miguu yote upande mmoja humzidishia kukaza. Mgongoni kwa kanga au kitenge, miguu ikiwa imepanuka kuzunguka kiuno chako na magoti yamekunjwa, ni mkao mzuri kuliko vibebeo vingi vya dukani. Ila shingo iwe na uwezo, na mwonyeshe mtaalamu kwanza kama daktari ametaja nyonga. Mama anayeficha kanga mtaalamu akija anaficha kifaa chake bora.

Mfano wa kukaa. Beseni la kufulia la plastiki, au lile kapu la nguo chafu lenye kuta, mtoto akae ndani, taulo limekunjwa kama mkate na kuwekwa nyuma ya kiuno, jingine mbele ya tumbo. Mikono inabaki huru. Dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, na usiondoke chumbani. Ukiona anateleza mbele hadi amekaa kwa mgongo badala ya makalio, taulo la nyuma ni nene mno, lipunguze.

Kulala kifudifudi akiwa macho, kwa mtoto mchanga, dakika 3 hadi 5 mara mbili au tatu kwa siku zinatosha kuanza. Akilia mlaze kifuani pako, inahesabika. Kile kigari cha magurudumu ambacho mtoto hukaa ndani yake na kujisukuma kwa miguu (baby walker), kitupeni. Canada wamekipiga marufuku tangu 2004 kwa sababu ya ajali za ngazi, na hakimfundishi kutembea. Kinamzoeza kusukuma kwa vidole vya miguu. Afadhali kochi la chini la kusimamia dede na kutembea akilishika.

Msipofungua mlango mara kadhaa bila taarifa, programu nyingi hufunga faili. Toeni taarifa siku moja kabla, mtoto akiwa na homa au wageni wakija. Na kama mlango wenu ni wa kuvua viatu, mwambieni tu, wanauzoea.

---

Kutoka: msomaji, Leeds

Sisi wa Uingereza je?

Kutoka: msimamizi wa orodha

Mada yenu inahitaji uzi wake, nitaufungua. Kwa ufupi, kwa England: chini ya sheria ya 2014 mzazi mwenyewe anaweza kuandikia halmashauri kuomba tathmini ya mpango wa elimu, afya na matunzo uitwao EHC, ambao unamhusu mtu tangu kuzaliwa hadi miaka 25. Wana wiki 6 kujibu kama watatathmini, na wiki 20 tangu ombi hadi mpango wa mwisho. Ile ziara ya muuguzi mtoto akiwa na miaka 2 hadi 2 na nusu inatumia maswali yaleyale ya ASQ aliyoyaeleza mtaalamu wa Minnesota, kwa hiyo ushauri wake kuhusu "ndiyo" unawahusu. Turudi Marekani.

---

Kutoka: msomaji, Arizona

Tunahamia Nebraska kwa kazi ya kiwanda cha nyama mwezi ujao. IFSP inahama nasi?

Kutoka: mratibu wa huduma, Ohio

Haihami yenyewe. Jimbo jipya litaangalia upya kama mtoto anastahili kwa vipimo vyake. Wewe unatoka Arizona yenye kigezo kigumu, kwa hiyo una nafasi nzuri. Anayehamia Arizona ndiye mwenye wasiwasi. Fanya hivi: kabla ya kuondoka omba nakala ya ripoti ya tathmini, IFSP na maelezo ya ziara za mwisho, ukae nazo mkononi, maana kutumiana ofisi kwa ofisi huchukua wiki. Piga Nebraska, mpango wao ni Early Development Network, mara tu ukiwa na anwani. Hesabu mpya ya siku 45 inaanza siku hiyo.

Kitu kimoja nilisahau mwanzoni: tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari. Kwa mtu mzima ni usumbufu tu, kwa mtoto wa miaka miwili ni miezi. Kipimo kitamlinganisha na watoto wa umri usio wake, na huduma zitakatwa siku isiyo yake. Mfumo unafuata hati, si maneno yenu. Kama mna kadi ya kliniki yenye tarehe ya kweli, mwonyesheni mpimaji aiandike kwenye ripoti, na anzeni taratibu za kurekebisha hati sasa, maana hazimaliziki haraka.

---

Kutoka: mratibu wa huduma, Ohio

Nimalizie la kuvuka kwenda shule, ndilo wengi huliandikia mwishoni wakiwa wamechelewa.

Sehemu C hukoma siku mtoto anapotimiza miaka 3. Baada ya hapo ni Sehemu B, chini ya wilaya ya shule, na mpango unaitwa IEP. Maryland wanamruhusu mzazi kuchagua kuendelea na IFSP baada ya miaka 3, lakini majimbo mengi sivyo. Tuchukue mtoto aliyezaliwa 14 Machi 2024. Anatimiza 3 tarehe 14 Machi 2027. Kikao cha kuvuka kinaweza kufanyika kuanzia miezi 9 kabla, yaani 14 Juni 2026, na kisipite siku 90 kabla, yaani 14 Desemba 2026. Shule inakaribishwa kwenye kikao hicho. Akistahili, IEP iwe tayari tarehe 14 Machi, si "muhula ujao".

Mimi nasema ombeni kikao kwenye miezi 9, si kwenye siku 90. Siku 90 kuanzia Desemba zina likizo ya Krismasi ndani yake, zina dhoruba za theluji, na shule inahitaji muda wake wa kupima: siku 60 baada ya sahihi yenu, kama jimbo halina hesabu yake nyingine. Ukifanya hesabu utaona hakuna nafasi ya mkalimani kukosekana hata mara moja.

Mambo mawili hubadilika. Huduma ilikuwa nyumbani na ilimhusu mzazi, sasa iko darasani na inamhusu mwanafunzi. Anaweza kupelekwa kwa basi la shule akiwa na miaka 3, na mama wengi hukataa IEP nzima kwa sababu ya basi. Basi linaweza kukataliwa peke yake. La pili, kustahili Sehemu C si tiketi ya Sehemu B. Shule inauliza kama ulemavu unamfanya ahitaji elimu maalumu. Mtoto wa usemi aliyeendelea vizuri anaweza kuachwa. Mkitofautiana, kuna usuluhishi, kuna malalamiko kwa jimbo ambayo yanatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 na yahusu jambo lisilopita mwaka 1, na kuna shauri mbele ya mwamuzi. Kabla ya hayo pigeni kituo cha wazazi. Kila jimbo lina angalau kimoja kilichoanzishwa chini ya IDEA, na hakitozi kitu.

---

Kutoka: msomaji, Kentucky

Wetu ana miezi 34 na wiki tatu, hajawahi kupimwa popote. Tumechelewa?

Kutoka: mratibu wa huduma, Ohio

Kwa Sehemu C, ndiyo. Jina likija zikiwa zimebaki pungufu ya siku 45, hawalazimiki kumpima. Wakipata ridhaa yako watalipeleka jina kwa upande wa shule. Usingoje walipeleke. Andika barua leo kwa ofisi ya elimu maalumu ya wilaya ya shule mnapoishi, mistari minne tu: jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba mbili za simu, kwamba unaomba apimwe kwa ajili ya huduma za elimu maalumu kwa sababu una wasiwasi kuhusu usemi au mwendo wake, na lugha ya mkalimani mnayemhitaji. Weka tarehe na sahihi. Ipeleke kwa mkono, wagonge mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Wakikosa mhuri, ipige picha ikiwa juu ya meza yao.